Ramani ya ujazaji wa maji chini ya ardhi imetoka vibaya: dalili na tiba, kutoka Usangu hadi Kilolo

Ukitandaza matabaka ya mteremko, miamba, udongo, mvua, uoto, msongamano wa mito na mipasuko, ukayapa uzito na kuyajumlisha, kompyuta itakupa ramani ya mahali mvua inapozama na kujaza maji ya ardhini. Haigomi hata kama nusu ya matabaka ni mabovu. Kosa la kazi hii halitangazwi na ujumbe mwekundu kwenye skrini. Linajificha kama rangi iliyokaa mahali pasipostahili, na ramani hiyo ikishapelekwa kijijini, watu wanachimba makinga maji na mabwawa ya kunywesha ardhi pale ambapo ardhi hainywi. Anza na hitilafu za upimaji, kwa sababu ni rahisi kuziona na zinaharibu kila kinachofuata. Uzito uje mwisho.

Mito inapita kando ya mabonde yake

Mto Mbarali uliochorwa kutoka karatasi ya zamani unaonekana kupanda ubavu wa kilima badala ya kufuata bonde lililo kwenye modeli ya mwinuko. Visima navyo vimesogea, vyote upande mmoja na kwa umbali uleule. Umbali huo ukikaribia mita 300, chanzo ni datamu, yaani umbo la dunia na kianzio ambavyo koodineti zinapimiwa. Ramani za topografia za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya Arc 1960, na data za satelaiti ziko kwenye WGS 84.

Tiba ina hatua mbili, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza itangazie programu mfumo wa kweli wa tabaka lile (msimbo EPSG:21036, yaani Arc 1960 kwenye kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita), halafu ligeuze kwenda EPSG:32736 (WGS 84, kanda ileile) na ulihifadhi kama faili jipya. Wengi wanaruka hatua ya kwanza: wanaliandika tabaka la Arc 1960 kuwa WGS 84 bila kugeuza koodineti hata moja. Jina limebadilika, mto haujasogea. Usilivute tabaka kwa mkono mpaka "likae". Litakaa hapo ulipolitazama na kukosea kwingine.

Kosa la kanda lina sura tofauti. Mbeya, Mbarali, Makambako na mji wa Iringa ziko kanda ya 36. Longitudo ya nyuzi 36 inakata wilaya ya Kilolo, hivyo Ruaha Mbuyuni iko kanda ya 37. Nukta za Ruaha Mbuyuni zilizosomwa kwenye GPS kwa kanda ya 37 zikifunguliwa kama kanda ya 36, zinaruka zaidi ya kilomita 600 kwenda magharibi na kuangukia karibu na Ziwa Tanganyika. Hilo utaliona mara moja. Ramani ikigusa pande zote mbili za Kilolo, peleka kila kitu kanda ya 36 na ubaki humo. Upotoshaji unaobaki ni mdogo kuliko pikseli zako za mvua.

Mteremko unasoma karibu nyuzi 90 kila mahali, hata Rujewa kwenye tambarare

Modeli ya mwinuko bado iko kwenye latitudo na longitudo. Programu inagawanya mita za kimo kwa sehemu ndogo ya nyuzi, na kila kichuguu kinageuka ukuta. Nyuzi moja hapa kwetu ni takriban kilomita 110. Geuza modeli kwenda UTM kwa pikseli ya mita 30 ndipo upige mteremko. Tumia njia ya mstari au ya kyubiki kugeuza mwinuko. Ukitumia ya jirani wa karibu (inayonakili thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi) utapata mistari ya ngazi ngazi kwenye tambarare.

Kwa matabaka ya makundi, yaani miamba, aina za udongo na matumizi ya ardhi, mambo ni kinyume: huko jirani wa karibu ndiye pekee anayefaa. Ukikuta pikseli ya udongo yenye kundi "3.7", ujue mtu alilainisha tabaka ambalo halilainishwi.

Ardhioevu imepata alama ya juu kupita zote

Tazama kama ulibadilisha namba za makundi kuwa alama. Ramani ya WorldCover ya mita 10, inayoonyesha kinachofunika ardhi, inatumia namba 10 kwa miti, 20 kwa vichaka, 30 kwa nyasi, 40 kwa mashamba, 80 kwa maji ya kudumu, 90 kwa ardhioevu yenye majani. Hizo ni lebo tu. Zikiingizwa kwenye jumla kama zilivyo, Ihefu, ardhioevu ya Usangu, inapata 90 na msitu unapata 10, na tabaka hilo linameza mengine yote. Kila tabaka lazima liwe kwenye kipimo kimoja, mathalani 1 hadi 5, kabla ya kuzidishwa kwa uzito. Kagua kiwango cha chini na cha juu cha kila rasta (tabaka la pikseli) kwa macho yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Ukaguzi huohuo utafichua matundu. Pikseli isiyo na data katika tabaka moja inatoboa jumla yote. Na data tupu iliyoandikwa -9999 au -32768 bila kutangazwa itaonekana kama shimo refu kuliko bahari.

Usangu nzima imepakwa "ujazaji mkubwa sana"

Hapa ndipo ramani nyingi za nyanda hizi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tambarare ya Usangu inapendwa na karibu kila kigezo cha kawaida. Mteremko ni mdogo, mito ya asili si mingi, kuna mashapo manene, na faharasa ya unyevu wa topografia inasoma juu. Chukua mfano wa hesabu kwa pikseli ya jaruba la mpunga, alama zikiwa 1 hadi 5: mteremko 5 kwa uzito 0.25, mvua 2 kwa 0.20, miamba na mashapo 4 kwa 0.20, udongo 1 kwa 0.15, msongamano wa mito 5 kwa 0.10, uoto 4 kwa 0.10. Jumla ni 3.50. Udongo umepata alama ya chini kabisa, lakini pikseli imebaki kwenye kundi la juu, kwa sababu hata udongo ungekuwa mchanga mtupu wa alama 5 jumla ingepanda hadi 4.10 tu. Kujumlisha kunaruhusu mteremko mzuri ulipe deni la udongo mbaya. Maji hayakubali malipo hayo: yakizibwa juu, hayajali mwamba ulio chini unapokea kiasi gani.

Udongo mweusi wa mbuga unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwezi wa Oktoba umepasuka kiasi cha kuingiza kiganja. Ukipiga pete mbili za kupimia unyonyaji, ya ndani sentimita 30 na ya nje sentimita 60, ukazipigilia kwa ubao na nyundo na kumwaga maji, maji yanapotea mbele ya macho yako, na ukiandika usomaji wa dakika 20 za mwanzo utaripoti udongo unaonyonya kama changarawe. Endelea kumwaga. Udongo unavimba, nyufa zinafumba, na rula iliyosimama ndani ya pete inaacha kushuka. Sifa hiyohiyo ndiyo inayofanya majaruba yashike maji.

Kwa hiyo lowesha mahali siku moja kabla, weka kina cha maji kiwe sawa kwenye pete zote mbili (ile ya nje ipo ili maji ya ndani yashuke wima, yasikimbilie pembeni), kisha soma mpaka upate visomo vitatu mfululizo vinavyolingana. Kwenye mbuga inaweza kuchukua nusu siku. Kisomo cha mwisho ndicho cha kuandika. Cha kwanza kinakueleza tu kwamba mvua ya kwanza ya Novemba inapita kwenye nyufa. Ni ujazaji wa kweli, lakini ni wa siku chache.

Tiba kwenye ramani ni kuupa udongo haki ya kuzuia. Palipo na udongo wenye alama 1, jumla isiruhusiwe kuzidi 2, hata vigezo vingine vikisema nini. Kwenye kikokotoo cha rasta ni sharti moja tu. Tunaiona njia hii kuwa bora kuliko kuongeza uzito wa udongo hadi 0.40, maana ukifanya hivyo unaharibu Rungwe na Mufindi ili kuponya Usangu.

Halafu tafuta ujazaji wa bonde hilo unapotokea. Mito Chimala, Kimani na Mbarali inashuka kwa kasi kutoka Uporoto na Kipengere, na inapofika chini ya ukuta wa Bonde la Ufa inapoteza nguvu na kuangusha kwanza mawe, kisha changarawe, kisha mchanga, kwa umbo la upepeo. Mashapo hayo ya chini ya mlima yanakunywa maji ya mto. Yana mteremko wa wastani, hivyo ramani ya kawaida inayapa alama ndogo kuliko mbuga iliyo mbele yake. Yachore kwa mkono: fuata mahali mteremko unapovunjika, angalia mistari ya kimo inavyopinda kama mkeka uliokunjuliwa, linganisha na picha ya satelaiti ya Sentinel-2 ya kiangazi, kisha yapatie mashapo hayo kundi lao lenyewe katika tabaka la jiolojia. Karatasi za jiolojia za 1:125,000 zitakuonyesha mipaka ya mashapo, ila mara nyingi zinaunganisha ya changarawe na ya mfinyanzi katika rangi moja. Kuyatenganisha ni kazi yako.

Ihefu ni habari nyingine tena. Pale maji ya ardhini yako karibu na uso, na maji mengi yanaondoka kwa kupanda hewani. Chombo kilichojaa hakijazwi. Eneo linaloonekana lowevu mwezi Septemba na Oktoba, wakati hakuna mvua, litoe kwenye hesabu kwa barakoa (tabaka la kuficha eneo) na ulipe kundi lake, "mahali maji yanapotokea au kusimama". Usiliite "ujazaji mdogo". Ni kitu tofauti, na msomaji wa ramani anahitaji kukijua.

Rungwe imetoka rangi ya ujazaji mdogo

Hili ni pacha wa kosa la Usangu. Mteremko mkali umeukandamiza mlima, ilhali kuna lava changa, majivu na changarawe nyepesi ya volkano, na Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta, halina mto unaotoka juu ya ardhi. Ishara kama hizo zinasema maji yanazama.

Msongamano wa mito ndio unaochanganya. Kanuni ya vitabuni ni kwamba mito michache maana yake ardhi inanyonya. Kwenye lava changa ni kweli. Lakini Isimani nako mito ni michache, na sababu ni uhaba wa mvua. Kigezo kimoja, sababu mbili. Toa alama za msongamano ndani ya kila ukanda wa mvua peke yake, au gawanya msongamano kwa mvua ya mwaka kabla ya kupanga makundi. Pia andika kizingiti ulichotumia kuchora mito, yaani eneo dogo kabisa la kukusanya maji linalohesabiwa kuanzisha mto: pikseli 1,000 za mita 30 ni kilomita za mraba 0.9. Ukibadilisha kizingiti hadi 300, mlima uleule unapata mito mingi zaidi na alama tofauti. Na kama mito ya tambarare ya Usangu imetoka minyoofu na sambamba kama mistari ya daftari, hiyo si mito. Ni matokeo ya kujaza mashimo kwenye modeli ya mwinuko. Ichomee modeli mito halisi iliyochorwa kutoka kwenye picha, yaani shusha mwinuko kwenye mistari yake, kabla ya kukokotoa mtiririko, na uache mifereji ya umwagiliaji nje.

Mipasuko yote inaelekea upande mmoja

Umechora mistari ya mipasuko kutoka kwenye kivuli cha mwinuko, na karibu yote inaelekea kaskazini-mashariki. Programu nyingi zinaweka jua kwenye azimuthi 315, yaani kaskazini-magharibi. Mwanga huo unafichua kingo zilizoukingama na kuficha zile zilizolala sambamba nao. Mbeya iko pale matawi ya Bonde la Ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa yanapokutana. Tawi la Usangu linaelekea kaskazini-mashariki, hivyo linajitokeza vizuri. La Rukwa linaelekea kaskazini-magharibi, na ndilo linalozimwa. Tengeneza vivuli vinne, azimuthi 0, 45, 90 na 315, jua likiwa nyuzi 30 hadi 45 juu ya upeo, uchore kutoka vyote, kisha ufute kila mstari unaolingana na barabara, reli ya TAZARA, njia ya umeme au mpaka wa shamba. Upande wa Iringa, ambako granaiti na naisi hazishiki maji ila kwenye nyufa na tabaka lililooza, kigezo hiki kina uzito kuliko kwenye mashapo ya Usangu.

Ngazi za ajabu juu ya uwanda wa Mufindi

Mteremko mkali umejitokeza kwa mistari iliyonyooka kwenye ardhi ambayo ukitembea ni tambarare. Ni kingo za vitalu vya misonobari na mikaratusi. Modeli ya mwinuko ya SRTM ilipimwa kwa rada Februari 2000, na rada ile haikuona udongo chini ya miti iliyofungana. Kimo ulichonacho kimechanganyika na kimo cha vilele. Modeli ya Copernicus ya mita 30 nayo inasoma uso wa juu, kwa miaka tofauti, hivyo vitalu vilivyovunwa katikati vinaonekana tofauti kwenye modeli hizo mbili. Kupunguza moja kwa nyingine kunakuonyesha wapi pa kutoamini. Lainisha mteremko kwa dirisha la pikseli 5 kwa 5 ndani ya mashamba ya miti pekee.

Ukiwa hapohapo, usiipe misonobari na mikaratusi alama ileile ya msitu wa asili. Miti hiyo inakunywa maji mengi kuliko nyasi zilizokuwepo kabla, na picha ya satelaiti inayasoma yote mawili kama "miti".

Uoto umeporomoka ghafla kuanzia 2022

Kabla ya kulaumu ukame, kagua Sentinel-2. Tangu Januari 25, 2022 picha zinatolewa zikiwa zimeongezewa 1,000 kwenye kila thamani. Shamba la chai lenye nyekundu 400 na infraredi ya karibu 3,000 lina NDVI (faharasa ya ukijani wa mimea) ya 0.76. Likibeba nyongeza hiyo linasoma 1,400 na 4,000, na NDVI inashuka hadi 0.48 bila jani hata moja kukauka. Toa 1,000 kabla ya kukokotoa, au kwenye Google Earth Engine tumia mkusanyo wenye neno HARMONIZED.

Kwa tarehe, chagua Juni na Julai. Mawingu ya Rungwe yamepungua na moto wa nyika haujashika kasi. Picha za Septemba zinageuza majani yaliyoungua kuwa "ardhi tupu".

Miraba mikubwa kwenye ramani ya mwisho

Hiyo ni mvua ya CHIRPS, data ya mvua inayotokana na satelaiti na vituo, yenye pikseli ya nyuzi 0.05, takriban kilomita 5.5. Ilainishe kwa njia ya mstari ili mipaka ya miraba isijifanye mipaka ya maji, lakini usidai kwamba sasa una mvua ya mita 30.

Uwiano wa uthabiti umezidi 0.10

Uwiano huu unapima kama umejipinga ulipotoa uzito, na kikomo ni 0.10. Ukilinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha Saaty cha 1 hadi 9, ukasema miamba ni mara 3 ya mteremko, mteremko mara 3 ya uoto, na miamba mara 5 ya uoto, uwiano ni 0.03 na uzito unatoka 0.64, 0.26 na 0.10. Ukisema miamba mara 3 ya mteremko, mteremko mara 5 ya uoto, halafu miamba mara 2 tu ya uoto, uwiano unaruka hadi 0.40. Umejipinga: mara 3 na mara 5 zilitakiwa kukupeleka mbali zaidi ya 2. Tafuta utatu wa namna hiyo na uurekebishe kwa hoja ya kijiolojia. Kuchezea namba mpaka uwiano ushuke ni kujidanganya. Uwiano mzuri nao unathibitisha tu kwamba hujajipinga.

Visima haviafikiani na ramani

Huenda ramani ni nzima na kipimo ndicho kibovu. Wingi wa maji ya kisima kirefu unaeleza uwezo wa mwamba kuyatoa, na maji hayo yanaweza kuwa yaliingia ardhini kilomita nyingi kutoka hapo. Chemchemi ni mahali maji yanapotoka. Kuitumia kama ushahidi wa ujazaji ni kugeuza mshale. Visima pia vimechimbwa vijijini na kando ya barabara, hivyo hata ramani ya bahati nasibu inaweza kuonekana imefaulu ikiwa tambarare ndiko watu waliko.

Pima kitu chenyewe. Omba kumbukumbu za visima vya ufuatiliaji kwenye bodi ya maji ya bonde husika: Rufiji kwa Usangu na Iringa, Rukwa kwa upande wa Songwe, Nyasa kwa Rungwe na Kyela. Palipo na visima vifupi visivyo na pampu kubwa, pima kina cha maji kwa utepe mwishoni mwa Oktoba na tena mwishoni mwa Aprili, alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, kila mara kutoka alama ileile kwenye mdomo wa kisima. Maji yakipanda mita 1.5 kwenye mchanga wenye ujazo tolevu (sehemu ya ujazo wake inayoachia maji) wa 0.10, ujazaji ni milimita 150. Ujazo tolevu ukiukosea ukaweka 0.20, jibu linakuwa maradufu, kwa hiyo toa jibu kama kiwango cha chini na cha juu.

Njia ya kloridi inakagua ya kwanza: zidisha mvua ya mwaka kwa kloridi ya mvua, gawa kwa kloridi ya maji ya kisima. Mvua milimita 700, kloridi ya mvua miligramu 1 kwa lita, ya kisima 20, unapata milimita 35. Usiitumie chini ya majaruba au karibu na vyoo, maana chumvi ya huko haikuletwa na mvua. Ipeleke kwenye mashapo ya chini ya mlima na kwenye granaiti za Iringa, chukua sampuli mwisho wa kiangazi, na suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuijaza.